Majitu Mawili kwenye Ukuta wa Eda

Shabani mwanangu,

Umekwenda kulala kwa shangazi yako Mlingotini, na begi lako umeondoka nalo. Ulipokuwa unalifunga nilikuwa jikoni, naosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Ukasimama mlangoni ukasema, "Mama, nitalala kwa shangazi. Alfajiri bodaboda atanitoa mpaka barabara kuu, nidake gari la Dar." Nikasema sawa. Mimi ninayejibizana na wakubwa magazetini mpaka wananipigia simu kunibembeleza, nikasema sawa, nikaendelea kusugua sufuria.

Sikuandikii habari za chandarua wala za maji ya kunywa ya huko Mtwara uendako. Hayo shangazi yako atakuwa ameshakwambia, na atakuwa ameyasema vizuri kuliko mimi. Nataka tuzungumze habari ya ukuta. Tangu siku ile uliponijibu pale uani hatujauzungumza. Kila mmoja anapita ukumbini kama vile ukuta ule haupo.

Nianze na baba yako, kwa sababu picha ya ukuta ule ni yake. Aliikuta ndani ya friji la mtumba lililotoka Japani. Mwenye duka moja la samaki alilileta kibandani Kerege, baba yako alikokuwa akitengeneza mafriji, likiwa halipoozi. Baba yako akavuta droo ya mboga, ndani yake mna karatasi ya kalenda imekunjwa, haijaloa hata kidogo. Mtu mwingine angeifutia mikono. Yeye aliibandika ukutani kwa tepu nyeusi ya umeme, ikakaa pale miaka. Majitu mawili yenye pembe juu ya dhahabu tupu. La kulia ni la kijani, limebeba gunia la upepo lililotuna juu ya mabega. La kushoto ni jeupe, limezungukwa na duara la ngoma, meno nje. Baba yako alikuwa akimwambia kila mteja aliyeuliza, "Huyu wa gunia ni kompresa nzima. Huyu wa ngoma ni kompresa iliyokufa, inagonga tu. Lako ni hili la ngoma, andaa hela."

Wewe ulicheka mara zote ulizosikia. Mimi nilipita kibandani mara chache, na kila nilipopita nilikuwa nasoma kitu kwenye simu. Niliona kalenda, basi.

Halafu baba yako akaanguka pale pale kibandani asubuhi moja, bisibisi mkononi, na hakuinuka tena.

Unajua jinsi nilivyokuwa nikiandika kuhusu eda. Sikuipinga eda yenyewe. Niliwapinga wanaomlinda mjane kama mahabusu, wanaohesabu mara alizocheka na kunusa kama amejipaka mafuta. Nilikuwa na makala tatu kali juu ya jambo hilo, na nilikuwa nazo tayari kumpiga nazo yeyote atakayenifuata. Hakuna aliyenifuata. Niliingia ndani mwenyewe, nikavaa nguo niliyopewa, nikakaa. Watu walikuja, nikawaitikia salamu, wakaondoka. Mhariri alipiga simu, nikaitazama ikiita. Niliyesoma vitabu nusu ya maisha yangu sikuweza kumaliza ukurasa mmoja wa gazeti. Chakula nilikiona kama kitu cha watu wengine.

Ndipo siku moja ukarudi kutoka Kerege na ile karatasi, na mkebe wa rangi nyeusi, na uzi wa waashi uliopakwa chaki ya bluu. Ukasema, "Mama, nataka kujifunza kuchora. Nishikie uzi."

Nikauliza, "Kuchora nini?"

"Hawa jamaa wa baba. Hapa ukumbini."

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nikashika ncha moja ya uzi, wewe ukashika nyingine, ukauvuta katikati ukauachia, pa, mstari wa bluu ukabaki ukutani. Tukafanya hivyo mpaka ukuta wote ukawa miraba. Karatasi nayo uliigawa miraba kwa penseli. Ukanieleza kwamba tutachora mraba mmoja mmoja, tusiangalie jitu zima. Ukachukua la gunia, mimi ukanipa la ngoma. Nikauliza kwa nini mimi nipewe hili baya. "Linafanana na wewe ukiwa redioni, mama," ukasema, na ukainama kuchanganya rangi kabla sijakujibu.

Nataka ujue nilichokiona kwenye ule ukuta, maana nilikiona nikiwa nimechelewa sana, na hakuna kitabu kilichowahi kunionyesha.

Unakumbuka ngoma zangu za kwanza? Nilizichora asubuhi nzima, nikajipongeza. Ukaja, ukatazama, ukashika tumbo kwa kicheko. "Mama, hizi ni ngoma za mdundiko! Zina miguu na vigingi! Unataka huyu Mjapani akacheze harusi Miono?" Nikakasirika. Nikasema ngoma ni ngoma. Ukanishika bega, ukaniweka mbele ya karatasi ukaniambia, "Tazama, usiseme." Nikatazama. Zile za kwenye karatasi zilikuwa ndogo, bapa, kama visahani, zimefungwa kwenye duara moja. Karatasi ilikuwa mbele ya pua yangu tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimechora ngoma zilizokuwa kichwani mwangu.

Nikazifuta kwa chokaa, nikaanza upya, nikakosea tena. Vidole vya miguu ya jitu langu vilikuwa kama mihogo. Mistari yangu ilikuwa mizito kwa sababu nilikuwa nakandamiza brashi kama kalamu ya kusahihishia. Wewe mistari yako ilikuwa mirefu, unashusha pumzi na brashi inashuka nayo. Nikakuonea wivu, tena wivu hasa, kama wa watoto wawili darasani.

Na niliwahi kuandika dhidi ya kunakili. Unaikumbuka makala ile, niliposema msanii wa kwetu anayenakili vya wageni ni kasuku aliyepakwa rangi. Nikakukumbusha tukiwa kazini, nikitaka ubishi kidogo. Ukatoa simu, ukanisomea kwamba wachoraji wa huko huko Japani walijifunza kwa kuinakili picha hii hii, fundi mmoja baada ya mwingine, mstari kwa mstari. "Kwa hiyo na wao kasuku?" ukauliza. Nikachovya brashi nikaendelea na kazi, na nilishangaa kwamba haikuniuma.

Ninachosema ni kwamba mimi kazi yangu ni kusoma ili nijue pa kupiga. Nikishika maandishi ya mtu, jicho langu linakwenda moja kwa moja kwenye kosa lake. Ni jicho zuri, limenipa ugali na jina. Lakini kwa picha jicho hilo halikunisaidia chochote. Kidole cha mguu hakina kosa la kukamata. Kipo tu, na unalazimika kukikodolea mpaka ukijue kimeinamaje. Nilijifunza hilo nikiwa na umri wangu huu, mjane, nguo yangu ina madoa ya rangi nyeusi.

Dhahabu ilitushinda kwanza. Tulianza na majitu, tukasahau kwamba nyuma yake ni dhahabu tupu, ikabidi tuipitishe kwenye unywele mmoja mmoja. Ulitumia ile rangi ya dhahabu ya kupakia ncha za mageti, mikebe midogo, nyumba nzima ikanuka. Katikati ya majitu palibaki pakubwa pasipo na kitu. Nikataka kutia wingu, au ndege, nikasema panaonekana kama kazi haijaisha. Ukasema, "Acha, mama. Kwenye karatasi hapana kitu." Nikaacha. Mimi, kuacha mahali patupu!

Halafu akaja shangazi yako.

Alikuwa na bakuli la mchuzi wa pweza kichwani, kama kawaida yake, maana tangu msiba hakukosa wiki. Akatoa salamu, akaingia, akainua macho.

"Astaghfirullah! Wifi, hawa ni akina nani?"

Wewe ndiye uliyejibu. "Ni upepo na radi, shangazi."

"Upepo una meno? Radi ina kitovu? Kaka yangu hajapoa kaburini, nyumba yake inaingizwa mashetani wenye pembe! Malaika watapita wapi humu?"

"Watapita mlangoni," nikasema, "kama ulivyopita wewe na pweza wako."

Hiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu ya kwanza tangu mazishi. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Nikamwambia habari za picha na sanamu, nani alisema nini na nani alimpinga nani, nikamtajia wanazuoni ambao hajawahi kuwasikia, nikamuuliza mbona picha ya harusi yake iko sebuleni kwake Mlingotini, tena anacheka. Nilisimama. Sauti ilinipanda mpaka majirani wakasogea dirishani. Shangazi yako alishusha bakuli, akalifunika vizuri kwa kawa.

"Haya, umeshinda," akasema. "Wewe huwa unashinda. Nakuomba jambo moja tu, na simuombi mama yako, nakuomba wewe Shabani. Msiwatie macho; bila macho watabaki picha tu."

"Sawa, shangazi," ukasema. "Hatutatia."

Nikakutazama. Ulikuwa umesimama mlango wa jikoni, unatabasamu. Nilidhani unajivunia hoja zangu.

Shabani baba, nimelala na tabasamu lile miaka miwili nikiwa nimelielewa vibaya.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikatoka, na jambo la kwanza nililofanya nikaandika. Makala niliyoiandika unaijua. Sikumtaja jina, lakini Mlingotini nzima inajua wifi yangu ni nani. Watu walicheka, wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Nasikia wanawake anaolima nao mwani walisomewa wakiwa pwani, na yeye yumo katikati yao, kaloa mpaka kiunoni, anafunga mwani kwenye kamba. Siku ile ile makala ilipotoka nilichukua brashi ndogo, nikapanda kiti, nikayatia majitu macho. Manne. Niliyachora haraka, bila kutazama karatasi, na yametoka makubwa kupita kiasi, yote yanakodoa upande mmoja kama watu walioshtuliwa.

Uliporudi ukasimama mbele ya ukuta na mfuko wa mkate mkononi. Ukasema kitu kimoja. "Lakini mama, tulimwambia hatutatia."

Nikakuhutubia. Nilisema mtu asiyekubali kutetea kazi ya mkono wake hastahili kuwa nayo. Nilisema mengi, mengine ya kweli. Ukaenda kuuweka mkate mezani.

Shangazi yako hajakanyaga nyumba hii tena. Kila Ijumaa wewe unakwenda kwake, na mimi sijawahi kukuuliza mnazungumza nini.

Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa namtengeneza mchoraji. Nilimwambia kila mtu kwamba mwanangu ana mkono. Nilileta watu ukumbini wautazame ukuta, na wewe ukawapikia chai. Niliuliza habari za chuo cha sanaa kwa niaba yako, nikagombana na mtu kwa niaba yako, nikaandika kwa niaba yako juu ya nchi isiyojali vijana wenye vipaji. Hukuwahi kusema neno lolote katika mambo hayo yote. Nilifikiri ni adabu.

Ndipo ukaniambia umepata nafasi Mtwara, ya ufundi wa majokofu. Baba yako mdogo alikuwa amekaa pale mkekani, kaja kutusalimu. Na mimi nikasema mbele yake, "Mkono ule? Ukafungue mafriji ya watu yanayonuka samaki?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Wewe hukupandisha sauti.

"Hayo mafriji yanayonuka samaki ndiyo yaliyokusomesha, mama."

Nilikufuata uani nikiwa na hotuba mdomoni. Ulikuwa umenipa mgongo, unaanua nguo, unazikunja moja moja. Ukasema bila kugeuka, na nayaandika maneno yako kama ulivyoyasema, kwa sababu nataka ujue niliyasikia:

"Mimi sikutaka kujifunza kuchora. Ulikuwa huli. Ulikuwa huongei. Shangazi ndiye aliyeniambia, mtafutie mama yako kazi ya mikono, asije akatufia. Akakuletea ukindu usuke ukili wa mkeka, ukauacha ukakauka. Basi nikaangalia kibandani kuna nini, nikaona ile karatasi. Siku ile ulipomgombeza shangazi, mimi na yeye tulicheka njia nzima nilipomsindikiza. Alikuwa analia na kucheka. Alisema, haya, amerudi."

Ukamaliza kukunja nguo, ukaingia ndani. Nilibaki uani. Nilitafuta hoja, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuipata.

Kwa hiyo nilimpiga gazetini mtu aliyenitoa kaburini. Nikampiga kwa nguvu alizonirudishia mwenyewe. Na wewe ulikuwa katikati, ukimpelekea yeye salamu ambazo sikuzituma, ukiniletea mimi mwani na pweza ukisema umenunua sokoni. Umri wako ulikuwa wa kucheza mpira na kuchelewa kurudi nyumbani. Umeutumia kubeba wanawake wawili wasioongea.

Usidhani nimegeuka. Kuhusu picha bado naamini nilikuwa sahihi, na akitokea mtu kesho kubishana nitambishia. Nilikuwa sahihi, wifi yangu akaacha kuja, na mwanangu akanyamaza ndani ya nyumba yangu. Yote matatu yalitokea pamoja. Nilifundishwa kushinda mabishano. Sikufundishwa kumwangalia mtu anayebishana nami, kama bakuli alilobeba ni zito, kama amekuja kwa miguu kutoka barabarani. Labda hilo nalo hufundishwa kwa miraba, sijui. Mimi nilikuwa na muda wa kukodolea kidole cha mguu wa jitu la Kijapani asubuhi nzima, na wewe umekaa ubavuni mwangu, unachanganya rangi, unapima kama nimekula. Sikukutazama.

Hilo ndilo linalonivunja usiku wa leo, kuliko safari yenyewe. Watoto huondoka. Lakini mimi nakuaga kijana ambaye ndiyo kwanza nimemwona.

Nenda kasomee majokofu yako. Ukipenda kuchora, chora. Usipopenda, brashi isikuguse tena maisha yako yote, na usinitafutie maneno mazuri ya kunieleza. Watu nitawaambia mwenyewe, mwanangu ni fundi kama baba yake, na nitawaambia bila kuongeza kitu. Huko utakutana na watu watakaokuhitaji. Una tabia ya kuona anayekufa njaa kabla hajaomba chakula. Ni tabia ya baba yako na ya shangazi yako, kwangu hukuipata. Sikuombi uiache. Nakuomba ikikuchosha useme. Sema "nimechoka", hata kwa sauti kubwa, hata mbele ya wageni. Mimi nitaisikia bila kujibu. Najizoeza.

Barua hii simpi mtu akuletee, naileta mwenyewe. Nimeshamwambia bodaboda aje kunichukua kabla ya adhana, na yeye ameniuliza, "Mama, Mlingotini? Wewe?" Nikamwambia ndiyo, mimi.

Sijui nitamwambia nini wifi yangu. Nimekaa hapa kujaribu kuandaa, na kila ninachokiandaa kinageuka kuwa makala, na kila makala ina pahali ambapo mimi ndiye mwenye haki. Basi nakwenda mikono mitupu. Nitasimama mlangoni pake nipige hodi. Yeye ni mkubwa kwangu, nitamwamkia. Akiniitikia nitaingia, nitakaa mkekani, nimsikilize mpaka achoke, hata kama gari lako litakuwa limeshapita. Asiponiitikia nitakaa nje, kwenye lile benchi la mbao, na utakapotoka na begi lako utanikuta pale.

Najua utakachotaka kufanya. Utatutazama wote wawili, utafanya mzaha, utamwambia yeye kwamba mama amekuja na nia njema, utaniambia mimi kwamba shangazi hana kinyongo. Usifanye hivyo, Shabani. Usinisemee. Tupe mkono wa kwaheri mmoja mmoja, upande pikipiki, uende. Yatakayobaki pale barazani ni ya wakubwa.

Mama yako